Swali la Oktoba lijibiwe wapi? Kuchagua njia za msaada kwa mradi wa programu huria

Watu wanaoanzisha mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa wote, huumiza kichwa juu ya lugha ya kuandikia msimbo, hubishana kuhusu leseni, halafu suala la watumiaji wataulizia wapi wakikwama huamuliwa kwa dakika moja. Huku kwetu mtu anafungua grupu la WhatsApp na kuweka nembo. Kwingine wanafungua chumba kwenye programu za maongezi kama Discord au Slack. Njia imechaguliwa kwa kuwa ilikuwa mkononi, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje mwaka wa tatu, wanaouliza watakapokuwa wengi kuliko wanaojibu.

Korosho inaweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Tuseme vijana wa Mtwara wameandika programu ya simu ya kumsaidia karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) kupokea mzigo: anapima gunia, anaingiza kilo na daraja, printa ndogo inatoa risiti ya mkulima, na jioni orodha inatumwa chama kikuu. Msimbo wameuacha wazi ili chama chochote kiutumie na mwenye ujuzi aurekebishe. Programu hii ni ya kutunga, ila yeyote aliyewahi kukaa ghalani msimu ukiwa umechanganya anaweza kuyakisia maswali yake.

Maswali hayo yana kalenda. Oktoba hadi Desemba, minada ikipamba moto Tandahimba, Newala na Masasi, na upande wa Lindi kule Ruangwa, Nachingwea na Liwale, yanamiminika: mizani haisomani na simu, risiti zinatoka tupu, jina la mkulima limeingia mara mbili. Ikifika Machi, kimya. Katikati ya mwaka, salfa, dawa ya mikorosho, inapogawiwa, yanaibuka ya usajili na mgao. Oktoba ikirudi yanarudi yale ya mizani, karibu neno kwa neno, safari hii yakiulizwa na makarani wapya ambao mwaka jana hawakuwepo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha njia yoyote ya msaada hakihusu uzuri wake wala wingi wa watu waliomo. Nauliza hivi: jibu lililotolewa Novemba hii, karani mpya atalipata Oktoba ijayo bila kumsumbua mtu? Wanaotoa ushauri kuhusu mambo haya hupenda kusema "wafuate watumiaji waliko". Kwa muuza vocha huo ni ushauri mzuri sana. Kwa mradi unaoendeshwa na watu watatu wanaojitolea baada ya kutoka kazini, hautoshi.

Wanaobisha hodi hawafanani

Kabla ya kulinganisha majukwaa, tutenganishe kazi, maana mkanganyiko mwingi unatokana na kuzitia zote kapu moja.

Kuna aliyekwama na foleni ya wakulima iko mbele yake. Anataka kuendelea sasa hivi. Kuna aliyegundua kwamba programu yenyewe ina kasoro, kwa mfano jumla ikipita kilo 9,999 tarakimu ya mwisho inapotea. Kuna anayetaka kujadili mwelekeo: toleo lijalo liendelee kukubali simu za Android za zamani, au liziache? Na kuna aliyeona tundu la usalama, kwamba mtu asiye karani anaweza kuingia na kubadili kilo za watu. Wote wanne watakuja wakisema "naomba msaada". Wa kwanza anahitaji mtu wa kuongea naye. Wa pili anahitaji kasoro yake iandikwe, ipewe namba na ifuatiliwe mpaka iishe. Wa tatu anahitaji maandishi marefu na watu wa kuyasoma kwa nafasi zao. Wa nne anahitaji faragha, kwa sababu tundu likitangazwa kabla ya kuzibwa, mwizi ndiye anayefaidika kwanza.

Huyu wa nne nammaliza hapa hapa. Wekeni anwani moja ya barua pepe inayosomwa na watunzaji wawili au zaidi (watunzaji ni wale wenye ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye msimbo), au washeni kipengele cha kuripoti udhaifu kwa siri cha GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Maelekezo yaandikwe kwenye faili la SECURITY.md, na yaseme tundu litatangazwa hadharani baada ya siku ngapi. Wengi hutumia siku 90, muda uliozoeshwa na Project Zero, timu ya Google ya kusaka matundu ya usalama iliyoanza 2014. Isiwe kwenye grupu, hata kama grupu lina watu kumi wanaoaminiana.

Waliobaki watatu ndio kazi yenyewe.

WhatsApp inashinda wapi, na inashindwa wapi

Swali halisi la karani halifiki likiwa limepangwa. Linafika hivi:

"Mwanangu, hii mashine haitoi karatasi."

"Shikamoo mama. Taa ya printa inawaka?"

"Marahaba. Inawaka inazima, inawaka inazima."

"Hapo haijashikana na simu. Fungua Bluetooth tuone."

"Hiyo iko wapi?"

Mpe mama huyu fomu yenye visanduku vya "toleo la programu", "hatua za kuirudia hitilafu" na "matokeo uliyoyatarajia", atairudisha simu mfukoni na kuchukua daftari la karatasi. Kuuliza na kuulizwa kwa zamu ndiko kunakofichua tatizo, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoishinda meseji ya papo kwa papo yenye picha na sauti. WhatsApp ipo kwenye simu yake tayari, anaijua, na bando lake pengine ni la mitandao ya kijamii tu. Mradi wa Kusini utakaoikataa WhatsApp kwa sababu za kanuni utabaki na watumiaji wale wale walioandika msimbo.

Shida inaanza pale mama anapoandika "ahsante, imetoka". Kuanzia hapo jibu linazama. Grupu ni kama baraza: aliyekuwepo kasikia, asiyekuwepo aulize upya. Anayeongezwa leo hawezi kupanda juu mpaka kwenye mazungumzo ya msimu uliopita. Google haioni ndani. Maelezo yaliyotolewa kwa sauti hayatafutiki kwa neno, na mashabiki wa kutuma sauti za dakika nne huku kwetu si haba. Grupu lenyewe lina kikomo cha watu 1,024, na zamani kabla ya kufika huko meseji za "habari za asubuhi wapendwa" zilikuwa zimekwisha kulizika jibu la printa.

Kuna na hili ambalo miradi mingi hulisahau: kwenye grupu, kila mwanachama anaona namba za simu za wenzake. Binti aliyejiunga kuuliza kuhusu mizani anaanza kupokea meseji za saa nne usiku kutoka kwa mtu asiyemjua. Anatoka kimya kimya, na mradi haujui umempoteza kwa nini. Halafu zipo picha za skrini. Karani akitaka kuonyesha kasoro hupiga picha ya orodha nzima, na orodha ya malipo ya korosho ina majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Chama kilichokusanya taarifa hizo kina wajibu juu yake, na kusema "tulikuwa tunaomba msaada" si utetezi. Dawa moja inawezekana ndani ya programu yenyewe: kitufe cha "omba msaada" kinachopiga picha ya skrini huku kikiziba majina na akaunti. Kukiandika ni kazi ya siku chache tu.

Kwa matangazo, yaani toleo jipya limetoka au seva itazimwa usiku, tumieni chaneli ya WhatsApp badala ya grupu. Chaneli, zilizoanza 2023, ni za upande mmoja, na namba za wafuasi hawaonyeshwi wengine. Hapo hakuna la kujadili zaidi.

Majirani zake

Telegram inatibu baadhi ya maradhi haya. Mtu anaweza kuificha namba na kutumia jina la akaunti, kikundi kinabeba hadi watu 200,000, na msimamizi anaweza kuwaachia wageni wasome historia yote. Lakini kule vijijini wanaoitumia kwa kazi si wengi, na si ajabu ikafungwa: Kenya iliagiza izuiwe wakati wa mitihani ya kidato cha nne (KCSE) Novemba 2024.

Discord ilizaliwa 2015 kwa ajili ya wacheza gemu, ikapendwa na waandishi wa programu. Ina mpangilio mzuri wa vyumba. Injini za utafutaji haziingii ndani, inataka akaunti mpya, na inakula bando. Kwa waandishi wa msimbo wanaoshirikiana kutoka Mtwara, Dodoma na Nairobi inafaa. Kwa karani wa Kitangari haifai.

Slack ndiyo inayonipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Zamani, wasiolipa waliona meseji 10,000 za mwisho. Septemba 2022 kampuni ikabadili: asiyelipa anaona siku 90 tu. Mwaka 2024 ikaongeza kwamba vilivyopita mwaka mmoja, kwa wasiolipa, vinafutwa kabisa. Sasa rudi kwenye kalenda ya korosho. Jibu la katikati ya Novemba linafichwa katikati ya Februari. Karani mpya akiliulizia Oktoba halionekani, na kabla ya Krismasi halipo tena duniani. Ukiutazama mpango huo kwa jicho la mkulima, ni ghala linaloteketeza mzigo wiki chache baada ya msimu mpya kufunguliwa. Miradi mikubwa iliyojazana Slack kwa sababu ni bure iligundua hili ikiwa na miaka ya majibu ndani.

Upande wa pili ziko njia zilizojengwa kwa kukumbuka. Daftari la hitilafu la GitHub au la mwenzake GitLab linampa kila mwenye tatizo namba, na mtu yeyote anaweza kulisoma bila kujiunga. GitHub iliongeza sehemu ya mijadala, Discussions, ikakamilika 2021. Hapo swali linaweza kuwekewa alama kwamba jibu lake ni hili. Discourse, jukwaa huria lililoanza 2013, linafanya hivyo vizuri zaidi na linakubali watu kuuliza na kujibu kwa barua pepe, ila mtu lazima alipie seva na aisasishe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, iko tangu 2008 na ina hazina kubwa, lakini swali kuhusu printa ya risiti za korosho likiandikwa huko, tena kwa Kiswahili, litafungwa kabla chai haijapoa.

Njia za papo kwa papo, basi, ni nzuri kwa kuuliza na mbovu kwa kutunza. Njia za maandishi ya kudumu ni nzuri kwa kutunza na zinawatisha wanaouliza. Wengi hudhani lazima wachague upande. Mimi nasema tenganisheni: mtu aulize popote alipo, lakini jibu liwe na makazi mamoja. Karani anauliza WhatsApp, anasaidiwa WhatsApp, na siku hiyo hiyo mmoja wa wanaojibu anaandika swali na jibu kwenye ukurasa wa wazi, bila jina wala namba ya mtu. Swali likirudi mara ya pili, anajibiwa kwa kiungo pamoja na maneno mawili ya utu. Kumtupia mtu kiungo kikavu ni kumfukuza.

Hii inahitaji mtu mwenye jukumu hilo, aandikwe na atambuliwe kama wanavyotambuliwa wanaoandika msimbo. Si lazima ajue msimbo. Mwanafunzi wa Stella Maris au wa chuo chochote anayejua kuandika Kiswahili kilichonyooka anaweza kuifanya, na nadiriki kusema mchango wake utadumu kuliko wa nusu ya waandishi wa msimbo. Ukurasa huo uwe kwa Kiswahili. Daftari la hitilafu nalo litamke wazi, mstari wa juu kabisa, kwamba Kiswahili kinaruhusiwa. Watu wengi hukaa kimya wakidhani GitHub ni mali ya Kiingereza. Na kwa kuwa siku hizi watu huuliza kwanza programu za akili mnemba, kumbukeni kwamba programu hizo zimejifunza kutokana na maandishi ya wazi. Majibu yaliyofungiwa kwenye grupu hazitayajua kamwe.

Tuige MTUHA

Mfano wa ngazi hizi upo tayari, tena kila halmashauri ya Mtwara na Lindi. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinazotoka zahanati na vituo vya afya huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na HISP, mtandao wa wataalamu wa mifumo ya taarifa za afya ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990. Hapa nchini HISP iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. DHIS2 ina jukwaa la kimataifa la maswali, linatumia Discourse, na daftari lake la hitilafu liko mahali pengine kabisa.

Muuguzi wa zahanati ya kijijini Nanyumbu haendi huko. Akikwama anamtafuta mratibu wa MTUHA wa halmashauri yake, kwa simu, kwa Kiswahili. Mratibu akishindwa anapandisha juu, mkoani au taifani. Wataalamu wa Dar es Salaam ndio wanaoandika kwa wenzao wa dunia nzima, na wakati huo swali limekwisha kuchambuliwa: si "mashine imegoma" tena, ni toleo fulani, hatua fulani, kosa fulani.

Mradi mdogo wa korosho hauna ngazi nne wala hauzihitaji. Unahitaji mbili. Kila chama kikuu kiwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa, na watu hao wachache ndio wakutane na watunzaji. Mtunzaji akiwa yeye mwenyewe ndiye anayepokea simu za makarani wote wa Tandahimba, hatamaliza misimu miwili. Njia ya msaada inaweza kuwa mtu, na mara nyingi hiyo ndiyo bora, mradi mtu huyo naye aandike anachojifunza.

Nani mwenye nyumba?

Suala hili halina mvuto siku ya kwanza. Linakuja kuonekana siku mwenye nyumba anapobadili kufuli.

Kisa mashuhuri ni cha Freenode. Itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) ya maongezi ya IRC ilianzishwa 1988 na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, na kwa miaka mingi mtandao wa Freenode ulikuwa kijiji kikuu cha programu huria: Ubuntu, Fedora, Wikimedia na mamia ya miradi midogo walikuwa na vyumba vyao humo. Mei 2021 ukazuka mgogoro wa umiliki. Wafanyakazi wa kujitolea waliouendesha walijiuzulu kwa pamoja na tarehe 19 wakafungua mtandao mpya, Libera Chat. Wiki iliyofuata uongozi mpya wa Freenode ukavitwaa vyumba kwa mamia, vikiwamo vilivyokuwa vimeandika tu mlangoni kwamba vinahamia Libera.

Kisa hiki husimuliwa kama onyo. Mimi naona ndani yake kuna faraja pia. IRC ni itifaki ya wazi, kwa hiyo watu walihama na programu zao zile zile. Walibadili anwani ya seva, basi. Jaribuni kufikiri mgogoro huo ungetokea ndani ya kampuni inayomiliki programu, seva na akaunti zenu zote. Gitter, chumba cha maongezi kilichopendwa na watumiaji wa GitHub, ilinunuliwa na GitLab 2017, ikauzwa kwa kampuni ya Element 2020, na 2023 ikahamishiwa kwenye Matrix, ambayo ni itifaki ya wazi. Ndiyo maana vyumba vyake havikupotea. Slack nayo ilikuwa ikiruhusu watu kuingia kwa programu za IRC, kisha Mei 2018 ikaufunga mlango huo kwa tangazo.

Sisemi karani atumie Matrix. Nasema ukurasa wa majibu uwe mahali ambapo mnaweza kuchukua nakala yote na kuondoka. Faili za maandishi ndani ya hazina ya msimbo zinatosha kabisa: kila aliyenakili msimbo ana majibu yote kwenye kompyuta yake. Nunueni pia jina lenu la tovuti, liwe la .or.tz au lingine, na hilo ndilo mlichapishe kwenye stika inayobandikwa kwenye printa na mizani. Stika ikibeba kiungo cha kujiunga na grupu, siku kiungo kikibadilishwa kutakuwa na stika za uongo kwenye kila ghala kuanzia Mtambaswala hadi Kilwa. Ikibeba anwani yenu, mnaielekeza mnakotaka bila kugusa stika hata moja.

Grupu lenyewe liwe na wasimamizi wasiopungua watatu, wasiokaa nyumba moja wala kutumia ofisi moja. Simu huibiwa, watu huhama, na laini isiyotumika hufungwa.

Mtandao ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa kilichokuwa kinapatikana ni kwa kubahatisha. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, mtandao wa X ulizuiwa nchini, na miradi iliyokuwa ikitangaza matoleo yake huko peke yake ikabaki inawatangazia wa nje. Hizo ni shida za taifa zima. Uwanda wa Makonde una za kwake za kila siku, na hakuna anayeziandika kwenye habari.

Njia zinazovumilia hali hii ni zile ambazo meseji inaweza kungoja. Barua pepe inakaa kwenye simu mpaka mtandao urudi, kisha inaondoka yenyewe. Debian, mojawapo ya miradi mikongwe ya programu huria, mpaka leo hupokea ripoti za hitilafu kwa barua pepe na kuzirudishia namba. Inaonekana ya kizamani, na inafanya kazi. WhatsApp nayo hungoja, kwa haki yake. Zinazoumia ni zile zinazotaka ukurasa mzito ufunguke kwanza ndipo uandike neno.

Ila msaada usiohitaji mtandao kabisa ni ule uliomo ndani ya programu. Maswali ishirini yanayorudi kila Oktoba, na majibu yake kwa Kiswahili chenye picha, yapakiwe humo humo, yafunguke ghalani hata mnara ukiwa umelala. Yanatoka kwenye ukurasa ule ule anaoutunza yule mwandishi wenu. Kila toleo jipya linachukua nakala mpya. Hapo ndipo kazi ya kuhamisha majibu kutoka WhatsApp inapolipa, kwa sababu unajua kwa hakika nini watu wanauliza badala ya kukisia.

Njia ngapi?

Chache kuliko mnavyotaka. Kila njia mnayoitangaza ni ahadi kwamba kuna mtu upande wa pili. Chumba cha Discord ambacho swali la mwisho lina miezi mitano bila jibu kinamwambia mgeni kwamba mradi umekufa, hata kama msimbo ulirekebishwa jana. Kwa watu watatu wa kujitolea ningeweka grupu moja, daftari moja la hitilafu, anwani moja ya siri za usalama, na ukurasa wa majibu. Mtu akija na wazo la kuongeza Telegram, swali ni moja: nani atakayekaa huko jioni? Akisema "mimi", apewe hadi msimu uishe ndipo itangazwe.

Muda wa kujibu uandikwe hadharani. "Tunajibu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, siku za mnada piga simu kwa mtu wa chama kikuu." Kusema hivyo si ukali. Mwaka 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri uliokuwa umetiwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mfumo wa Linux. Ilipochunguzwa historia, ilionekana kwamba kabla ya hapo akaunti zisizojulikana zilimwandama mtunzaji wake pekee, aliyekuwa amechoka na ameshasema hivyo, zikimlaumu kwa uzembe na kumshinikiza ampe mtu mwingine mamlaka. Aliyepewa ndiye aliyeuweka mlango huo. Shinikizo lilipita katika njia ya wazi ya mawasiliano ya mradi, mbele ya watu, na hakuna aliyesimama kusema "mwacheni, anajitolea". Kanuni za mwenendo ambazo miradi hunakili kutoka kwa wengine huzungumzia matusi. Ziongezeeni mstari kuhusu kuwaandama watu kwa kudai.

Siku njia fulani ikibidi ifungwe, msiifute. Grupu la zamani libadilishwe ili wasimamizi peke yao waweze kuandika, maelezo ya grupu yaseme watu wamehamia wapi, na liachwe hivyo msimu mzima, kwa sababu kuna makarani ambao huifungua programu Oktoba tu. Kabla ya hapo mtu mmoja asafirishe mazungumzo kwa kitufe cha WhatsApp cha kuhamisha gumzo, achambue yenye majibu, aondoe majina na namba, ayaingize kwenye ukurasa. Faili ghafi, lenye orodha za malipo za watu ndani yake, lifutwe kwenye simu na kompyuta zote zilizolipitisha.